Mvua Inangoja Jembe la Mama

Jumapili, 25 Februari 1996

Elkana ameniachia kitabu hiki asubuhi kabla ya kurudi kazini Awendo. Alikipata kwa muuza mbegu. Kina picha ya mahindi kwenye jalada na tarehe za mwaka mzima ndani. "Andika ya moyoni humu," aliniambia, "usije ukapasuka." Mume wangu ananijua. Nikinyamaza siku mbili naanza kugombana na kuku.

Nitaandika kwa Kiswahili. Kikuria sina wa kusema naye hapa Kosele, na Kijaluo bado kinaniteleza kama kambare. Kiswahili ndiyo lugha tuliyopendania mimi na Elkana, kule Awendo kwenye nyumba za wafanyakazi wa miwa, ambako kila mlango una kabila lake na wote wanagombania bomba moja. Tuliishi huko tangu tuoane, yeye akiendesha trekta la miwa. Kisha baba yake akafariki Oktoba iliyopita, na Elkana akasema si vizuri nyumba yetu ya nyumbani ikae na kufuli huku mama yake akiomboleza. Basi tangu Januari niko hapa, mimi na binti yetu Liz, ambaye ndiyo kwanza anajifunza kukimbia. Bomani tuko na mama mkwe, Mama Awino, na Javan, kaka mkubwa wa Elkana, na mkewe Celestine.

Mama ni Msabato wa miaka mingi. Alfajiri, kabla hata jogoo hajaamua, yuko jikoni kwake anasali kwa sauti. Mimi huenda pale kuchukua kaa la moto, na husimama nje ya ukuta wa udongo hadi aseme Amina. Nusu ya maneno siyaelewi, ila sauti yenyewe naipenda. Anaongea na Mungu kana kwamba amempa kigoda akae. Baba yangu Magige ni mzee wa kanisa huko kwetu Ukuria, lakini yeye husali kama anayesoma tangazo la chifu.

Alhamisi, 29 Februari

Joto. Liz ana vipele. Celestine amenisalimia kwa nyusi.

Sabato, 2 Machi

Mzee Jared wa kanisa letu amehubiri juu ya ndege wa angani, kwamba hawapandi wala hawavuni na Mungu anawalisha, basi sisi hofu ya nini. Mama alitikisa kichwa kwa kukubali hadi kitambaa kikamlegea. Mimi niliwaza kwamba ndege hawana watoto wanaolia uji saa nne asubuhi. Mungu anisamehe, akili yangu haikai kanisani kama mwili wangu.

Jumatatu, 4 Machi

Mvua! Imepiga mabati usiku kucha na asubuhi ardhi inanuka vizuri. Nilivaa gauni la shamba, nikafunga leso kiunoni, nikatoka na jembe. Bomani kimya. Javan amekaa mlangoni kwake ananoa panga ambalo lilikuwa na makali tayari.

Nilimwuliza Celestine kama kuna msiba. Akanishangaa. Yeye huniita nyieka, mke mwenza, kama wanavyoitana wake wa ndugu hapa. "Nyieka, hapa mtu hapandi tu juu mvua imenyesha," alisema. "Mama mwenye boma ndio anafungua shamba. Halafu mimi. Halafu wewe. Hiyo ndio njia."

"Basi tumwambie Mama afungue."

"Na nani? Mwanamke anafungua shamba akiwa na bwana. Bwana yake amekufa. Mpaka achukuliwe na ndugu ya marehemu ndio apande. Na Mama amekataa kurithiwa."

Nilirudisha jembe ndani. Kwetu pia kuna mila, tena nyingine kali kuliko hizi, lakini sijawahi kuona mvua ikingoja watu.

Jumatano, 6 Machi

Leo alikuja Mzee Nicodemus, binamu wa marehemu Baba, ambaye ndiye msemaji wa ukoo. Nilikuwa napepeta mtama kando ya jikoni, kwa hiyo nilisikia yote. Kwa sababu yangu, au kwa sababu alitaka nisikie, alisema kwa Kiswahili.

"Min Javan," alimwambia Mama, yaani mama yake Javan, "sisi hatutaki makosa. Mvua ndio hiyo imekuja. Boma mzima inangoja wewe."

"Mume wangu wa kupanda naye amelala pale," Mama alisema, akionyesha kaburi kwa kidevu.

"Ndio tunasema uchague mtu."

"Nilishachagua. Siku nilibatizwa pale ziwa ya Kendu nilichagua."

Nicodemus alivuta pumzi. "Hata kama ni koti tu. Mtu aingie, atundike koti yake kwa msumari, asubuhi aende. Watu wa kanisa wengi wanafanya hivyo. Mimi mwenyewe sitaki maneno mingi, bibi zangu wawili wananitosha kabisa."

"Na koti ikining'inia hapo," Mama akasema, "mimi nitasali nikiangalia wapi?"

Nilicheka, kisha nikajifanya nakohoa kwa makapi. Hakuna mwingine aliyecheka. Nicodemus alisimama, akapangusa suruali. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema kama mtu anayekuonya juu ya daraja lililooza: "Basi usipande. Na kama wewe hupandi, hakuna mtoto yako anaweza kupanda. Ukipanda bila mtu, na mtoto akufe, usiniite."

Alipoondoka, Mama alikwenda ukutani, akagusa mpini wa jembe lake, akaliacha palepale. Nadhani anangoja ishara kutoka juu. Nimejivunia mama mkwe huyu. Imani yake ni jiwe, na yangu ni uji wa jana.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua. Majirani wamepanda.

Jumapili, 10 Machi

Mvua tena. Ng'ambo ya kijito watu wanapanda huku wakiimba, na sisi tumekaa kama wageni katika shamba letu. Javan amenoa panga. Nikimwona tena na hilo panga nitalitupa chooni.

Mchana hasira ilinipanda nikachukua konzi ya mahindi, nikaenda nyuma ya nyumba yangu, pale ninapomwaga maji ya vyombo, nikafukia mstari mmoja mfupi. Si shamba. Ni bustani tu, mahali ambapo mtu angepanda sukuma wiki. Liz alinisaidia kukanyaga udongo. Nilijisikia mtu tena.

Alhamisi, 14 Machi

Mama amefunga leo, hali kitu. Sijui anaomba nini. Mvua haijali.

Jumapili, 17 Machi

Mahindi yameota, na Celestine ameyaona.

"Nyieka! Hii mahindi ni ya nani?"

"Ya Liz. Ya kuchoma."

"Nani alikuambia upande?"

"Si shamba, Celestine. Ni kama sukuma."

"Sukuma ni sukuma. Mahindi ni mahindi!" Alishika kichwa kwa mikono miwili. "Umetangulia mama mkwe wako. Umetangulia mimi. Yawa, unataka kutuletea chira?"

Neno hilo nimelisikia Awendo likisemwa kwa sauti ya chini, lakini leo nimeelezwa mpaka mwisho. Chira haitumwi na mchawi. Inakuja yenyewe, mtu akivunja mpangilio wa boma. Mtu anakonda, anakonda, dawa hazimshiki. Na haimchagui aliyekosa. Mara nyingi inachukua mtoto.

Nilimjibu vibaya. Nilisema, "Mimi ni Mkuria. Chira yenu hainijui."

Celestine alinitazama bila hasira sasa. "Wewe ni Mkuria," alisema. "Liz ni Mjaluo."

Mama alikuja aliposikia kelele. Alisimama juu ya ule mstari wangu muda mrefu, kisha akainama, akaondoa kijiwe kilichokuwa kimelalia mche mmoja, akarudi jikoni. Nimemhuzunisha. Afadhali angenitukana.

Jumanne, 19 Machi

Liz ana homa. Ni mvua tu, na mbu. Najiambia ni mbu.

Alhamisi, 21 Machi

Jana asubuhi Liz alikuwa anawaka kama jiwe la mafiga, na macho yake yaliniangalia bila kuniona. Kijito kilikuwa kimejaa na daraja la magogo limezama. Nilisimama ukingoni na mtoto mgongoni, nikashindwa. Sikuzaliwa karibu na maji.

Aliyekuja nyuma yangu ni Celestine. Alimfungua Liz mgongoni mwangu, akamweka juu ya mabega yake, akaingia. Maji yalimfika kifuani. Alivuka, akamkabidhi mtoto kwa mama mmoja ng'ambo, akarudi kunishika mkono mimi. Wakati wote huo alikuwa anaimba wimbo wa Sabato kwa meno yaliyokuwa yakigongana. Nimekuwa nikimsema huyu mwanamke katika kurasa hizi, na sasa naona haya.

Zahanati walisema ni malaria. Sindano, dawa, maji mengi. Leo ameomba uji.

Malaria. Nimeliandika neno hilo kubwa ili nilione. Lakini niliporudi nyumbani, kitu cha kwanza nilichofanya, kabla hata ya kubadili nguo, nilikwenda nyuma ya nyumba nikang'oa yale mahindi yote nikawapa mbuzi. Binti wa mzee wa kanisa! Nilipoinua macho, Mama alikuwa mlangoni mwa jiko, ameniona. Alifumba macho, akaingia ndani.

Jumapili, 24 Machi

Hili lazima niliandike.

Alfajiri nilikwenda kuchukua moto kama kawaida. Mama alikuwa anasali. Leo sauti ilikuwa ya chini, ya mtu anayebembeleza, na alirudia jambo moja tu, tena na tena. Sikiliza, nilijiambia, hilo unalijua: miya. Miya pi, nipe maji. Miya chumbi, nipe chumvi. Ni Kijaluo changu cha wiki ya kwanza. Na neno lililofuata nalijua pia, nimefundishwa juzi.

Nyasaye, miya chira kom. Hilo la mwisho silijui, lakini mengine yalinitosha.

Mungu, nipe chira. Nipe mimi.

Nilirudi bila kaa la moto. Anamwomba Mungu achukue kosa langu amtwike yeye, ili limwache Liz. Na Liz amepona. Leo anamkimbiza jogoo. Sijawahi kupendwa hivi na mtu ambaye hakunizaa, na sijawahi kuogopa hivi.

Jumatatu, 25 Machi

Leo tena. Miya chira. Nimesimama ukutani nikaomba ya kwangu kimoyomoyo: Bwana, usimsikie. Anachokuomba Mama, usimpe.

Jumatano, 27 Machi

Yeye ndani, mimi nje. Usimpe, Bwana.

Sabato, 30 Machi

Mzee Jared ametuomba tupatane katika maombi, kwamba wawili wakikubaliana juu ya jambo moja litafanyika. Nilikaa kiti kimoja na Mama, bega kwa bega, tukiwa tumepingana kabisa mbele za Mungu, na yeye hajui.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua. Mahindi ya majirani yanafika magotini. Usimpe.

Jumapili, 7 Aprili

Elkana amekuja kwa sikukuu. Nilimweleza mambo ya mahindi na homa, lakini ya sala sikumwambia. Sala ya mtu si kitu cha kusikiliza ukutani, na nilichosikia kinanielemea peke yangu.

Nilimwuliza kwa nini yeye na Javan, wanaume wazima waliobatizwa, wasimwambie mama yao apande.

Alimpakata Liz kwanza. Kisha akasema, "Phanice, mimi nashusha mlima na trela mbili za miwa, breki ikinuka, na siogopi. Hii naogopa. Marehemu Baba alikuwa anasema Mungu ni ya Jumamosi, chira ni ya siku sita."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema mama asipopanda, tutakula nini."

Hilo halikuwa jibu, na alijua. Alilala akiwa amemshika Liz mguu.

Jumatano, 10 Aprili

Mama anakohoa. Nguo yake ya Sabato imemlegea mabegani. Uji anaopikiwa anampa Liz. Anakonda, na mimi najua kwa nini anakonda. Anapewa alichoomba.

Nimebadilisha maombi. Sasa naomba kwa kupiga magoti, kwenye matope, nyuma ya ukuta.

Jumamosi, 13 Aprili

Mama hakwenda kanisani. Mara ya kwanza tangu nije.

Jumatatu, 15 Aprili

Jua kali. Wazee wanasema mvua ikirudi itarudi mara moja tu, kisha basi. Javan amesema mwezi ukiisha ataenda kulima kwa wajomba zake. Nicodemus alipita njiani, akaangalia shamba letu lenye magugu, akatikisa kichwa. Naye ana huzuni, nimeona.

Alhamisi, 18 Aprili

Alfajiri hapakuwa na sauti jikoni, ila kikohozi. Nilisukuma mlango nikaingia bila kubisha. Mama alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye ukuta, moto umezimika.

Niliwasha moto. Nikapika uji, nikamshikisha kikombe. Kisha yote yakanitoka.

"Mama, acha kuomba hiyo kitu. Nakuomba. Kosa ni langu, mimi ndiye nilipanda. Kama ni kunipata, inipate mimi."

"Kitu gani, nyar Kuria?" Ndivyo anavyoniita, binti wa Ukuria.

"Chira. Usimwombe Mungu akupe."

Aliweka kikombe chini. "Nani ameomba chira?"

"Wewe. Nakusikia kila asubuhi. Miya chira kom, miya chira kom."

Alinikodolea macho. Midomo yake ilirudia maneno yangu bila sauti, kama mtu anayeonja mchuzi wa jirani. Kisha akasema polepole, akikata kila neno: "Miya chir. Akom. Chir!" Akajipiga kifuani. "Hii ya hapa. Nyinyi mnaita nini? Ile inafanya mtu aende mbele na anaogopa."

"Ujasiri?"

"Hiyo. Nipe ujasiri nipande. Ndio naomba."

Akacheka. Alicheka hadi kikohozi kikamshika, nikampiga mgongoni. Kinywa chake kimepungua meno ya mbele na hutamka maneno yakikumbatiana, lakini hilo si kisingizio. Ni mimi niliyesikiliza kwa hofu yangu badala ya masikio yangu.

"Na wewe," alisema, akipangusa machozi, "ulipokuwa hapo nje, ulikuwa unaomba nini?"

Nilitaka kudanganya. Nikamwambia kwamba nilimwomba Mungu asimpe.

Kicheko kiliisha. Uji ulifanya utando juu. "Kila siku?"

"Kila siku, Mama."

"Ndio maana ilikuwa nzito," alisema, na hadi sasa sijui kama alitania.

Nililia. Aliniacha nilie kidogo, kisha akanieleza kwa Kiswahili chake cha kuuzia samaki, na nitaandika nilivyosikia, maana safari hii niliuliza kila neno.

Hakuwa akingoja ishara. Anaogopa. Kati ya Javan na Elkana alizika watoto watatu, na kila mara kulikuwa na mtu aliyempa sababu: ulifanya hivi, uliruka vile. "Kukataa mtu na koti yake ni rahisi," alisema. "Hiyo ni mdomo tu. Lakini kupanda ni mkono. Nikipanda na mtoto akufe, na watoto wanakufa, nyar Kuria, wanakufa tu, watu watasema ni mimi. Hao naweza. Lakini na mimi pia nitasema ni mimi. Hiyo ndio siwezi." Na ndiyo sababu chakula hakimshuki. "Halafu nikaona mahindi yako. Nikasema, huyu mtoto wa watu amepanda, na Mungu amemwotesha. Nikaanza kuomba chir. Halafu ukang'oa."

"Mama, mimi sikuwa na chir. Nilikuwa sijui tu."

"Sasa unajua?"

"Najua."

"Basi sasa ndio tutaona kama uko nayo." Akanywa uji wote.

Ijumaa, 19 Aprili

Mvua ilirudi usiku. Alfajiri sikusimama nje. Niliingia, tukapiga magoti pamoja, yeye kwa Kijaluo na mimi kwa Kiswahili, na tukaomba jambo moja.

Tulipotoka alishusha jembe. Nilibeba kikapu cha mbegu, mahindi yale ya kukomaa haraka na mtama kidogo. Javan na Celestine walituona. Walitufuata hadi mwisho wa ua wakasimama hapo, hawavuki. Njiani majirani nao walisimama.

Mama aliingia shambani peke yake. Aliinua jembe, akalishusha bila kupiga. Akaliinua tena. Kisha akageuka, akaniangalia, akasema, "Miya chir."

Hakumwambia Mungu. Aliniambia mimi.

Nilikuwa na nini cha kumpa? Kumtangulia siwezi, nimeshajifunza. Neno la Biblia lolote nililolijua lilinikimbia. Liz alikuwa ameshika gauni langu. Sikufikiri. Kama ningefikiri nisingefanya. Nilimshika mkono nikavuka naye mpaka, nikamsimamisha kando ya Mama, miguu yake midogo kwenye udongo ule ambao haujafunguliwa.

"Panda, Mama," nikasema. "Mtoto wangu ni huyu hapa."

Alimwangalia Liz. Akaniangalia mimi. Kisha akapiga jembe. Nikampa mbegu, akaweka, akafukia kwa mguu. Akapiga tena. Liz alikanyaga udongo kama nilivyomfundisha nyuma ya nyumba.

Tulipofika katikati ya mstari wa pili nilisikia mwingine akilima. Celestine alikuwa ameingia na jembe lake, nyuma ya Mama na mbele yangu, mahali pake hasa. Analia na kulima. Javan alikuja wa mwisho na lile panga, na angalau sasa limepata kazi. Tulifanya haraka kabla jua halijazama na Sabato kuingia, na nusu ya shamba ilibaki.

Nimekaa sasa nasikia mvua juu ya mbegu zetu. Ninaogopa sana. Kumbe vyote viwili vinakaa katika mtu mmoja.

Jumapili, 21 Aprili

Tumemaliza nusu iliyobaki. Mgongo!

Jumatatu, 6 Mei

Yameota. Palizi. Kikohozi cha Mama kimepungua tangu aanze kula, naye sasa anaamrisha kila mtu.

Jumanne, 11 Juni

Liz ana homa tena.

Jumatano, 12 Juni

Zahanati imetutuma hospitali ya Kendu Bay. Kabla hatujaondoka, wanawake wa kisimani walinyamaza nilipopita. Nicodemus alikuja hadi langoni, hakuingia. Alivua kofia tu. Afadhali angesema nilikuambia.

Mama alitaka kuja nami, akashindwa kusimama. Alikaa juu ya kigoda, mikono mapajani, uso wa mtu anayesubiri hukumu. Nilimwinamia nikamwambia kwa Kijaluo changu kibovu, "Ok en in." Si wewe. Na likitokea lolote nitarudi kukuambia hivyohivyo, si wewe. Sijui kama nitaweza. Namwomba Mungu asinijaribu.

Jumapili, 16 Juni

Amekula yai. Malaria tena, alisema daktari, na kwamba wodi nzima ni malaria, na akina mama wengine wote walipanda kwa njia iliyonyooka. Hayo ya kupanda hakuyasema daktari. Niliwauliza mimi mwenyewe, kitanda kwa kitanda. Mama mmoja kutoka visiwani aliniambia, "Dada, kwani mbu anauliza?"

Usiku kucha sikuomba aniondolee kikombe hiki. Niliomba lile neno la Mama, chir.

Alhamisi, 20 Juni

Nyumbani. Mama alimpokea Liz, akamshika masikio, akamgeuza huku na huku kama anayenunua mbuzi. Kisha akaenda nyuma ya jikoni akakaa huko peke yake. Celestine alinizuia nisimfuate.

Jumanne, 16 Julai

Jua. Mahindi yana ndevu. Ni mafupi, maskini.

Jumapili, 11 Agosti

Tumevuna. Si mengi, tulichelewa mno. Yatatufikisha mwezi wa kumi na moja tukiyabembeleza, na Elkana atahitaji kutuletea unga kutoka Awendo. Celestine aliniletea hindi la kuchoma, la kwanza, na kusema ni badala ya yale ya Liz yaliyoliwa na mbuzi. Tulicheka sote wawili. Nicodemus alikuja, akapewa lake, akalila lote akiwa amesimama, bila kusema shamba lilifunguliwaje.

Jioni nilimwambia Mama kwamba watu sasa wamenyamaza. Alisema, "Hawajanyamaza. Wananingoja nikufe. Hata nikufe na miaka mia watasema ni ile mwaka alipanda bila bwana." Akatema unywele wa ndevu za mahindi. "Waache wangoje."

Haya yote yametokea wiki iliyopita. Nayaandika leo kwa sababu ya alfajiri. Nilichelewa kuamka, na nilipofika jikoni Mama alikuwa ameshaanza. Nilisimama nje ya ukuta kama zamani, kigae changu cha kubebea moto mkononi. Sala yake leo ilikuwa fupi, na mwisho akarudia neno moja, tena na tena, kwa sauti ya kubembeleza.

Erokamano. Asante. Neno hilo nalijua, sokoni nalisikia kila siku, haliwezi kuwa jingine.

Hata hivyo nilibisha mlango, nikaingia, nikamwuliza.